Zamu za Muuguzi Anayekaa Mbali na Hospitali

Rosta ya wodi huhesabu saa za kazi tangu muuguzi anaposaini kitabu cha mahudhurio hadi anapokabidhi wagonjwa. Kwa anayekaa mtaa wa pili, hesabu hiyo inatosha. Kwa anayetoka Chanika, Bunju au Kibaha kwenda hospitali za Upanga, katikati ya Dar es Salaam, rosta huacha nje saa tatu au nne za kila siku ya kazi. Saa hizo ndizo zinazoamua kama atalala vya kutosha, kama watoto wake atawakuta macho, na kama kichwa kitakuwa chepesi anapopima dozi ya dawa. Mtu wa namna hii, kabla ya kuuliza zamu ina saa ngapi, hana budi kujua itamfanyisha safari ngapi kwa wiki, na kati ya safari moja na nyingine anabakiwa na muda gani wa kulala.

Dar es Salaam inaonyesha jambo hili waziwazi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani humo watu milioni 5.38, na hospitali kubwa za zamani zimebaki katikati: Muhimbili na Ocean Road upande wa mjini, Amana Ilala, kisha Mwananyamala na Temeke. Viwanja na nyumba za kupanga ambazo mshahara wa muuguzi unaziweza vimesogea mbali, hadi Kivule, Goba, Mbezi, ndani ya Kigamboni, na kuvuka mpaka kuingia mkoa wa Pwani. Vijijini mambo ni kinyume. Nyumba ya muuguzi iko hatua chache kutoka zahanati, na shida ya huko ni hodi inayopigwa saa zote. Mjini muuguzi huhitaji kuvuka jiji zima kwanza ndipo aanze kazi.

Saa zenyewe za zamu hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, ila mpangilio uliozoeleka Tanzania una zamu tatu. Ya asubuhi huanza kama saa 1:30 na kwisha saa 9:30 alasiri. Ya jioni hupokea mchana na kwenda hadi karibu saa 2 usiku. Ya usiku hushika hapo mpaka saa 1:30 asubuhi, na ndiyo ndefu kuliko zote. Juu ya saa hizo kuna makabidhiano. Ripoti husomwa kitanda kwa kitanda, dawa zinazofungiwa kwa ufunguo huhesabiwa, na mgonjwa aliyebadilika hali huelezwa kwa kirefu. Nusu saa huenda hapo bila mtu kuiona. Na anayepokea akikwama kwenye foleni, anayekabidhi haondoki, kwa hiyo safari ndefu ya muuguzi mmoja hulipwa pia na mwenzake.

Tuchukue muuguzi ambaye asubuhi hutumia saa mbili kufika Upanga. Akiwa zamu ya asubuhi, anaondoka nyumbani saa 11 alfajiri, ambayo ina maana aliamka saa 10. Anakabidhi saa 9:30, anatoka getini saa 10 jioni, anakutana na mwanzo wa foleni ya kutoka mjini, na kufika kwake saa 12. Zamu ya saa nane imemtoa nje ya nyumba kwa saa 13. Akifanya hivyo siku sita kwa wiki, saa 24 zimekwisha barabarani, yaani siku nzima ya wiki, usiku na mchana. Hata hivyo zamu hii ina sifa moja ambayo nyingine hazina: usiku wote analala kitandani kwake, kwa saa ambazo mwili umezoea kulala. Kwa mwenye mtoto wa shule, au mwenye ugonjwa kama kisukari unaotaka chakula na dawa kwa wakati, sifa hiyo pekee yaweza kuzidi hasara yote ya barabara.

Zamu ya jioni ndiyo inayodanganya. Ni fupi, na wanaokaa karibu huipenda kwa sababu asubuhi nzima ni yao. Kwa anayekaa mbali ndiyo ghali kuliko zote, maana nauli ni ileile, safari ni ileile, na saa za kazi zilizopatikana ni kama sita tu. Tena humrudisha nyumbani wakati mbaya. Barabara inakuwa imepungua magari, lakini daladala za njia za mbali nazo zimepungua, na kipande cha mwisho kutoka kituoni hadi nyumbani, ambacho mchana hutembewa kwa miguu, usiku hulazimisha bodaboda.

Ubaya mkubwa wa zamu ya jioni huja kesho yake. Rosta nyingi humweka muuguzi jioni leo na asubuhi kesho, kwa hoja kwamba atakuwa amelala usiku. Kwenye karatasi, kati ya saa 2 usiku na saa 1:30 asubuhi kuna saa 11 na nusu. Mtu anayetoka wodini saa 2:30 hufika nyumbani saa 4 au 4:30, akaoga, akala, akajilaza saa 5 na ushee, na saa 10 alfajiri simu inamwamsha. Usingizi haufiki saa tano. Kati ya mipangilio yote ambayo muuguzi wa mbali anaweza kupewa, jioni inayofuatwa na asubuhi ndiyo ya kwanza kukataliwa, na hapo sheria iko upande wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Yapo mazingira ambayo sheria hiyo inaruhusu mapumziko hayo kupunguzwa hadi saa 8, kwa makubaliano ya maandishi, na mojawapo ni pale mfanyakazi anapoishi hapohapo kazini. Mantiki yake ni kwamba asiye na safari anaweza kupumzika kwa muda mfupi zaidi. Anayetoka Chanika hayumo katika mantiki hiyo.

Sheria hiyohiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku, na inaruhusu makubaliano ya kubana wiki, ambapo siku moja inaweza kufika saa 12 ndani yake ukiwemo muda wa kula. Hapo ndipo hospitali kadhaa binafsi zimeweka zamu mbili za saa kumi na mbili kumi na mbili badala ya tatu. Kwa anayesafiri mbali, zamu hizi huonekana kama jibu la dua, kwa sababu safari sita za wiki hushuka hadi nne. Lakini saa 12 za kazi na saa 4 za barabara ni 16. Zinabaki nane za kuoga, kula, kuongea na watu wa nyumbani na kulala. Zamu mbili za mchana za namna hiyo zikifuatana, mtu anamudu. Ya tatu humkuta amechoka, na ya nne ni hatari.

Hatari hiyo imepimwa. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wauguzi waliofanya kazi saa 12 na nusu au zaidi mfululizo walikuwa na uwezekano wa kukosea mara tatu zaidi. Mwaka 2014 utafiti mwingine, uliohusisha wauguzi zaidi ya 31,000 katika nchi 12 za Ulaya, ulikuta kwamba waliofanya zamu za saa 12 na zaidi walilalamikia zaidi ubora wa huduma na kazi zilizoachwa bila kufanywa kuliko wenzao wa zamu fupi. Nao hawakuchaguliwa kwa umbali wa makazi yao; anayekaa mbali huongeza safari juu ya uchovu huo.

Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni kuhusu zamu za saa 12 unatoka Marekani, ambako muuguzi hufanya siku tatu kwa wiki, saa 36 zikahesabiwa kuwa ajira kamili, kisha akapumzika siku nne. Hapo safari ndefu inavumilika. Pale ambapo wiki ni ya saa 45, siku hizo tatu hazipo. Ni karibu nne, na mara nyingi hujazwa na saa za ziada kwa sababu watumishi hawatoshi.

Zamu ya usiku inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, maana wengi huikimbia bila kuipigia hesabu. Faida yake ya kwanza ni mwelekeo. Asubuhi watu wanamiminika mjini, jioni wanamiminika kutoka. Muuguzi wa usiku anakwenda mjini wakati wengine wanarudi, na anarudi kwake wakati wengine wanakwenda, hivyo barabara iliyomla saa mbili asubuhi humrudisha kwa saa moja na nusu au chini ya hapo. Hahitaji kupanda daladala inayokwenda mwisho wa njia na kugeuza nayo ili apate kiti. Faida ya pili ni idadi. Kwa kuwa usiku una saa 11 na nusu, wiki ya saa 45 humalizwa kwa usiku nne, safari nne za saa tatu kwenda na kurudi, yaani saa 12 barabarani. Ni nusu ya zile za zamu ya asubuhi. Kuna pia malipo: sheria hiyo ya ajira inatambua usiku kuwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inataka nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kipindi hicho.

Mwelekeo huo hutegemea hospitali iko wapi. Muuguzi anayekaa Magomeni na kufanya kazi Mloganzila, pembeni ya Barabara ya Morogoro, tayari husafiri kinyume na umati asubuhi na jioni, kwa hiyo zamu ya usiku haimpunguzii chochote njiani. Kwa sababu hii, kilomita si kipimo kizuri. Watu wawili wanaokaa umbali mmoja kutoka hospitali, mmoja upande wa foleni na mwingine upande wa pili, hawana tatizo moja. Nairobi ni vilevile: anayetoka Kitengela au Rongai kwenda Hospitali ya Kenyatta hupanga maisha yake kwa saa ya kupanda matatu, tena huko nauli nayo hupanda saa za msongamano na mvua ikinyesha.

Gharama ya usiku hulipwa na mwili. Saa ya ndani ya mwanadamu huongozwa na mwanga wa jua, na kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri umakini huwa chini kuliko wakati wowote. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walilinganisha kukesha na ulevi. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya majaribio ya umakini kama mwenye kileo cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humzuia dereva kushika usukani. Aliyekaa macho saa 24 alikuwa kama mwenye asilimia 0.10. Muuguzi aliyeamka saa 2 asubuhi kufua na kupika, kisha akaingia zamu ya usiku bila kulala mchana, hufika saa 17 hizo saa 7 usiku. Anapokabidhi wodi asubuhi amekaribia kutimiza 24, na safari bado.

Wanaoendesha wenyewe wanapaswa kulichukulia jambo hili kwa uzito. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2016, wafanyakazi 16 wa usiku waliendesha gari kwenye uwanja maalumu, mara moja baada ya kulala na mara nyingine baada ya kutoka zamu. Baada ya zamu, safari sita kati ya 16 ziliponea chupuchupu kuwa ajali. Baada ya usiku wa usingizi hakukuwa na hata moja. Wauguzi wengi wa Dar es Salaam hawana gari, ila abiria naye ana hatari zake. Anayesinzia ndani ya daladala hupitiliza kituo na simu yake huchomolewa, na hilo ni dogo. Anayesinzia nyuma ya bodaboda, katika kile kipande cha mwisho cha kwenda nyumbani, anaweza kuanguka. Bajaji ni ghali kidogo lakini ina kiti chenye mgongo, na asubuhi ya kutoka usiku tofauti hiyo ya nauli inafaa kulipwa.

Kulala mchana kuna vizuizi vyake. Usingizi wa mchana huwa mfupi hata pakiwa kimya, na mtaani hapawi kimya: bati linachemka, watoto wanacheza, jirani amefungulia redio. Anayefika saa 3:30 asubuhi apitilize kitandani, kazi za nyumbani zisubiri alasiri. Kwa usiku wa kwanza wa mfululizo, usingizi wa alasiri kabla ya kuondoka, hata wa saa moja na nusu, husaidia kuliko kahawa yoyote itakayonywewa wodini. Palipo na chumba cha kupumzikia hospitalini, dakika 20 za kulala kabla ya kuanza safari ya asubuhi huondoa usingizi mzito njiani. Zikizidi sana mtu huamka na kichwa kizito.

Idadi ya usiku mfululizo ni jambo la kuamua mapema. Usiku mmoja mmoja uliotawanywa ndani ya mwezi ndio mbaya zaidi kwa anayekaa mbali, kwa kuwa kila mmoja huharibu siku mbili za usingizi. Usiku mwingi mno mfululizo nao hulimbikiza deni la usingizi. Mbili au tatu, kisha mapumziko ya kweli, ndicho kiasi ambacho miongozo mingi ya afya kazini hukipendelea. Anayefanya nne ili amalize wiki yake haraka anapaswa kujua kwamba ule wa nne ataufanya kwa akiba ndogo. Pia siku ambayo mtu ametoka zamu asubuhi isihesabiwe kuwa ya mapumziko. Nusu yake aliifanyia kazi, na nusu ya pili ataimaliza amelala.

Kuna makundi ambayo hesabu ya barabara haitoshi kuwaamulia. Sheria inakataza kumpangia mjamzito zamu ya usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua, na mama katika miezi miwili ya kwanza baada ya hapo. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Kwa anayekaa saa mbili kutoka hospitali, haki hiyo ikitolewa katikati ya zamu haina maana yoyote, labda mtoto awe analelewa jirani na kazini. Inafaa iombwe kwa maandishi isogezwe mwanzoni au mwishoni mwa zamu, ambapo hugeuka kuwa kuchelewa kuingia au kuwahi kutoka, na foleni ikakwepwa humohumo.

Ukiunganisha yote hayo, mpangilio unaomfaa zaidi muuguzi wa mbali katika wodi ya zamu tatu unajitokeza wenyewe. Zamu za jioni ziwekwe pamoja, zisitawanywe. Zifuatwe na usiku: anayetoka saa 2 usiku na kurudi saa 2 usiku ya kesho ana saa 24 kamili. Baada ya usiku mbili au tatu yaje mapumziko, kisha asubuhi. Mzunguko huu una faida ya ziada kwamba unakwenda mbele pamoja na saa, kutoka asubuhi kwenda jioni kwenda usiku. Mzunguko wa ndani wa mwili wa mwanadamu huzidi saa 24 kidogo, ndiyo maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Na ile jioni inayofuatwa na asubuhi hutoweka bila mtu kuigombania.

Rosta huandaliwa na msimamizi wa wodi, ambaye ana vitanda vya kuhudumia na watu wasiotosha. Maombi ya kupangiwa asubuhi tu humfikia kila mwezi, na kwa kawaida hukataliwa, kwa haki. Ombi linalosikilizwa ni lile linalokuja na kitu mkononi. Muuguzi anaweza kuandika kwa wiki mbili saa anayotoka nyumbani na saa anayofika wodini, akaonyesha ni zamu zipi zinamchelewesha. Anaweza pia kujitolea kwa zile ambazo wenzake hawazitaki, nazo kwake ni nafuu. Jumapili na sikukuu barabara ni tupu, safari hupungua sana, na wakaao karibu wanataka kuwa nyumbani au kanisani. Anayekaa mbali akibeba zamu za asubuhi za Jumapili na usiku kadhaa, hana sababu ya kuona haya akiomba jioni zake zipangwe pamoja.

Masika yanahitaji mpango wake. Kati ya Machi na Mei bonde la Msimbazi hufurika mara kwa mara, na maji yakijaa Jangwani Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi husimama. Muuguzi anayetegemea njia hiyo hujikuta upande mmoja wa maji na wodi yake upande wa pili. Baadhi hushirikiana watatu au wanne kulipia chumba kimoja karibu na kazini, kikatumiwa na yeyote mwenye zamu zilizobanana. Ikiwa kodi ya mtu mmoja haizidi nauli na bodaboda anazookoa, chumba hicho kinajilipa. Ikizidi, bado kinaweza kuwa na maana kwa miezi hiyo mitatu.

Safari inapozidi saa mbili na nusu kwa upande mmoja, rosta nzuri hupunguza maumivu lakini hailipi deni la usingizi. Hapo kilichobaki ni kuhama, ama nyumba, ama kituo. Mtumishi wa umma anaweza kuomba uhamisho au kubadilishana kituo na mwenzake wa kada hiyohiyo, na mjini ni rahisi kumpata wa kubadilishana naye, kwa kuwa mara nyingi yupo anayekaa Temeke akifanya kazi Mwananyamala na anayekaa Mwananyamala akifanya kazi Temeke. Uhamisho huchukua muda. Wakati unasubiriwa, maombi ya zamu yapelekwe kabla rosta ya mwezi haijabandikwa, kwa sababu ikishabandikwa njia inayobaki ni kubadilishana zamu na mwenzako, kwa idhini ya maandishi ya msimamizi.